Wafungwa wa Lokitaung na Lodwar

Msomaji aliyefika Longech, penye ulimi wa mchanga uingiao katika Ziwa Turkana, ameiona nchi yenyewe: mchanga, upepo na jua. Zamani Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuingia pasipo cheti cha Serikali. Kwa hiyo iliwafaa sana wakoloni. Mwaka 1953, baada ya hukumu ya Kapenguria, Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kaskazini ya Lodwar, pamoja na Paul Ngei, Bildad Kaggia, Fred Kubai na Kungu Karumba. Yeye, kwa umri wake, alipewa kazi ya kuwapikia wenziwe. Jangwa lilikuwa ukuta wa kutosha, au ndivyo ilivyodhaniwa. Maana Juni 1958 barua ya wafungwa, yenye kulalamikia hali yao, ilichapishwa London katika gazeti la The Observer. Mwezi huo huo Oginga Odinga alitamka katika Baraza la Kutunga Sheria kwamba hao ndio viongozi wa watu. Baraza likachafuka kwa makelele. Kifungo kilipokwisha, 1959, Kenyatta hakurudishwa kwake, bali alizuiliwa Lodwar. Huko ndiko viongozi wa KANU na KADU walikomwendea Machi 1961.