Jinsi Muziki Unavyofungwa na Picha za Filamu

Filamu ni mfululizo wa picha zilizotulia. Kila picha huitwa fremu. Kwa kawaida filamu yenye sauti huonyesha fremu 24 kwa sekunde, nasi tunaona mwendo kwa sababu picha hupokezana upesi mno.

Muziki nao hupimwa kwa wakati. Kipimo chake ni pigo, yaani mdundo unaojirudia, ambao msikilizaji huufuata kwa makofi. Idadi ya mapigo katika dakika moja huitwa tempo. Tempo ikiwa 120, kila pigo huchukua nusu sekunde, sawa na fremu 12.

Hesabu hiyo hugeuzwa pia. Tuseme hatua moja ya kikaragosi imechukua fremu 15. Dakika moja ina fremu 1,440. Tukigawanya kwa 15 tunapata 96. Basi mtunzi akichagua tempo ya 96, kila hatua itaangukia pigo.

Mtunzi aliyekulia katika kazi ya namna hii ni Zdeněk Liška, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Smečno, Chekoslovakia. Baada ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika studio za Zlín, alikokuwa pia Karel Zeman, mtengenezaji wa filamu za vikaragosi. Kikaragosi hupigwa picha fremu moja moja, kikisogezwa kidogo kila mara, hivyo hakuna sauti ya kurekodi wakati huo. Lolote litakalosikika lazima litengenezwe kando. Liška alimtungia Zeman muziki wa *Vynález zkázy* (1958), kisha akamtungia mwongozaji mwingine muziki wa filamu ya safari ya anga za juu *Ikarie XB-1* (1963), ambamo alitumia sauti za kielektroniki.

Hata hivyo, kulingana kwa wakati si kulingana kwa hisia. Katika *Spalovač mrtvol* (1969), mfanyakazi wa tanuri la kuchomea maiti jijini Prague anageuka muuaji, huku muziki wa Liška ukibembea kama wa dansi, na sauti ya mwanamke ikiimba kwa upole. Muziki unakubaliana na mwendo wa picha, lakini unapingana na maana yake. Hofu ya mtazamaji huzaliwa katika tofauti hiyo.

Liška alifariki mwaka 1983. Anayetaka kuielewa kazi yake aitazame sehemu moja ya filamu mara mbili: kwanza ahesabu mapigo, kisha aangalie ni tendo gani linaloangukia kila pigo.