Kiini cha Sumaku ya Umeme

Sumaku ziko namna mbili. Ya kwanza ni ile ikaayo na nguvu yake siku zote, kama sindano ya dira iwaonyeshayo mabaharia kaskazini. Ya pili hupata nguvu umeme upitapo, na umeme ukikatika nguvu hutoweka. Hiyo huitwa sumaku ya umeme, nayo imo katika kengele, simu na mashine nyingi. Waya wake ndio upitishao umeme, lakini kipande cha chuma kilicho katikati ya waya ndicho kiizidishacho nguvu mara nyingi. Chuma hicho huitwa kiini. Mtu aweza kukitengeneza nyumbani, mradi ajue sababu ya kila afanyalo.

1. Watu wa kwanza

Mwaka 1820 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Oersted, alipitisha umeme katika waya, akaona sindano ya dira iliyo karibu ikigeuka. Basi watu wakajua kwamba waya wenye umeme una nguvu ya sumaku, ila ni kidogo.

Huko Uingereza alikuwako William Sturgeon, mtoto wa fundi viatu. Naye alifundishwa kushona viatu, kisha akawa askari, na elimu yake nyingi aliipata kwa kujisomea. Mwaka 1825 aliwaonyesha watu wa London kipande cha chuma laini kilichopindwa mfano wa kiatu cha farasi. Alikuwa amekipaka vanishi, akakizungushia waya mtupu wa shaba mara 18, mizunguko isigusane. Chuma chenyewe kilikuwa na uzito wa wakia 7 tu, lakini umeme ulipopita kiliinua ratili 9. Umeme ulipokatwa, mzigo ulianguka mara moja.

Joseph Henry, mwalimu wa shule huko Albany, Marekani, aliona upungufu. Waya mtupu hauwezi kuzungushwa safu juu ya safu, kwa maana zikigusana umeme hukata njia. Yeye akauvika waya wenyewe hariri, akauzungusha mara nyingi sana. Mwaka 1831 sumaku aliyoitengenezea Chuo cha Yale iliinua zaidi ya ratili 2,000.

2. Chuma laini na pua

Vyuma vyote si sawa. Pua, yaani chuma kigumu cha visu na sindano, ikiisha kuwa sumaku haiachi upesi. Kwa hiyo haifai kwa kiini, kwa sababu kiini yapasa kuutii umeme: uingiapo kipate nguvu, utokapo kiipoteze.

Waya ambao waashi hufungia nondo ni chuma laini, nao hukunjika mkononi bila taabu. Atakaye kuulainisha zaidi huuweka katika moto wa makaa mpaka uwe mwekundu, mtu mzima akisimamia. Kisha huufukia katika majivu upoe polepole usiku kucha. Hautumbukizi majini, kwa kuwa ndivyo afanyavyo mhunzi atakapo kuikaza pua.

3. Kwa nini chuma hugawanywa

Huenda mtu akauliza: mbona nyuzi nyingi, na msumari mmoja mnene upo? Kwa umeme wa betri, uendao upande mmoja daima, msumari hutosha. Walakini uko umeme uendao na kurudi. Ule wa majumbani katika nchi nyingi hufanya hivyo mara 50 kila sekunde.

Mwaka 1831 Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alionyesha ya kuwa nguvu ya sumaku ibadilikapo huzaa umeme katika waya ulio karibu. Chuma nacho hupitisha umeme. Basi nguvu ya sumaku ikibadilika ndani ya kiini, huzaa umeme katika kiini chenyewe, nao huzunguka humo kama maji yazungukavyo mahali pamoja mtoni. Umeme huo haufanyi kazi yo yote ila kukitia chuma moto. Nguvu hupotea bure, na waya huweza kuungua. Mwaka 1855 Mfaransa Léon Foucault alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa. Ikawa nzito kuzungusha, tena ikapata joto.

Dawa yake ni kukigawanya chuma, na kuweka kati ya vipande kitu kisichopitisha umeme. Hapo umeme ule hukatiwa njia, bali nguvu ya sumaku hupita kwa urefu wa nyuzi kama kwanza.

4. Kazi yenyewe

Mtengenezaji hukata nyuzi 40 za chuma laini, kila moja inchi 3, akazinyosha. Kila uzi hupakwa vanishi na kuachwa ukauke. Kisha zote hufungwa pamoja kama fungu la kuni, na kuviringishiwa karatasi. Juu yake huzungushwa waya mwembamba wa shaba uliofunikwa, mara 100. Betri moja ya tochi hutosha, nayo huunganishwa kwa sekunde chache tu, kwa maana waya hupata moto. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe, kwa kuwa huua.

Kisha huhesabiwa pini zilizoinuliwa. Kwa betri, fungu la nyuzi halitaushinda msumari wenye unene uleule. Pengine litakuwa dhaifu kidogo, maana vanishi imeshika nafasi ya chuma. Faida yake iko penye umeme uendao na kurudi.

5. Unga wa chuma

Umeme wa redio huenda na kurudi mara maelfu na hata mamilioni kila sekunde, hata uzi mwembamba wa chuma huonekana mnene. Kwa hiyo mafundi waligawanya chuma mpaka kikawa unga. Nyumbani unga huo hupatikana kwa kupiga tupa chuma laini. Huchujwa kwa kitambaa, hukorogwa na gundi, kisha hushindiliwa katika mrija wa karatasi mpaka ukauke. Kiini hiki hakizidishi nguvu sana, kwa sababu kati ya chembe na chembe imo gundi. Lakini hakipotezi nguvu nyingi.

Mwaka 1930 huko Tokyo, Yogoro Kato na Takeshi Takei walipata njia nyingine. Walichanganya kutu ya chuma na kutu za madini mengine, wakazichoma katika tanuri kali kama mfinyanzi achomavyo vyungu. Kitu hicho huitwa feraiti. Hushika sumaku vizuri, wala hakipitishi umeme ila kidogo sana, basi hakina haja ya kugawanywa. Kile kijiti cheusi kilicho ndani ya redio nyingi ndicho hicho.

Maswali

1. Kwa nini Sturgeon alikipaka chuma vanishi?
2. Henry alitengeneza nini zaidi ya Sturgeon?
3. Kwa nini pua haifai kwa kiini?
4. Kiini kisichogawanywa hupata moto kwa sababu gani?
5. Kiini cha unga hufaa wapi, nacho kina upungufu gani?