Kwa Nini Wengine Walifia Hospitali Wakati wa Uviko?

SOMO LA AFYA
Na Mganga wa Zahanati, Madimba, Mtwara



Katika vijiji vyetu bado yapo maneno yaliyobaki tangu siku za Uviko-19: "Ukimpeleka hospitali, harudi." Wapo wanaosema kuwa aliyewekewa oksijeni alikufa, na aliyebaki nyumbani akapiga nyungu alipona. Maneno haya ni ya hatari. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Uviko Mei 5, 2023, lakini hofu ya hospitali haikuisha siku hiyo. Mgonjwa wa nimonia anayecheleweshwa leo kwa hofu hiyo anaweza kufa. Basi leo tujifunze ni mambo gani yaliyofanya wagonjwa wengi wafie hospitali, na lipi kati ya hayo limo katika uwezo wetu.

UGONJWA ULIVYOINGIA

Uviko-19 huletwa na virusi ambavyo hushambulia zaidi mapafu. Ulianza kuonekana katika mji wa Wuhan, nchini China, Desemba 2019. Machi 11, 2020 ulitangazwa kuwa janga la dunia. Siku tano baadaye, Machi 16, mgonjwa wa kwanza wa Tanzania alitangazwa, naye alikuwa Arusha.

Tangu Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka mmoja, idadi ya wagonjwa wa nchi yetu haikuwa ikitangazwa. Kwa hiyo hesabu za somo hili tutazichukua kwa majirani. Mwaka 2020, kuanzia Mei hadi Desemba, madaktari wa nchi 10 za Afrika walifuatilia wagonjwa wa Uviko waliolazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Miongoni mwa nchi hizo ni Kenya, Malawi na Msumbiji, nchi ambayo sisi wa huku tunatenganishwa nayo na mto Ruvuma tu. Hospitali zilikuwa 64. Kati ya wagonjwa 3,077, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa 1,483. Hiyo ni karibu nusu.

Mtu akisikia hivyo atasema, "Si mnaona?" Lakini tufikiri vizuri. Hao walikuwa wamezidiwa tayari kabla ya kuingia chumba kile. Mvuvi anajua kuwa mtumbwi ukivuja, anayeanza kufua maji yakiwa kwenye nyayo huokoa chombo. Anayeanza maji yakiwa yamekaribia ukingo, huzama na kata ikiwa mkononi. Hakuna atakayesema kuwa kata ndiyo iliyouzamisha mtumbwi.

MAMBO YALIYOONGEZA VIFO

Madaktari wale walichunguza tofauti kati ya waliopona na waliokufa. Haya ndiyo makubwa waliyoyaona:

1. Umri. Kadiri mtu alivyokuwa mzee ndivyo hatari ilivyozidi.

2. Maradhi ya zamani. Wenye kisukari, maradhi ya figo, maradhi sugu ya ini na wenye VVU walikufa zaidi kuliko wengine. Mwili uliokwisha kuchoka kwa ugonjwa mmoja haukuweza kupigana na wa pili. Wapo watu wenye kisukari au presha wasiojijua, kwa kuwa hawajapimwa hata mara moja.

3. Hali ya mgonjwa alipofika. Waliofika wanahema mbio, presha imeshuka na akili imeanza kupotea, walikufa zaidi. Waliopelekwa mapema walikuwa na nafasi nzuri zaidi.

4. Upungufu wa hospitali zenyewe. Jambo hili tusilifiche. Wagonjwa 6,779 waliombewa nafasi katika vyumba vya mahututi, lakini waliopata ni 3,752 tu. Hospitali nyingi zilikuwa na upungufu wa vitanda, mashine na wauguzi. Wagonjwa waliocheleweshwa kuingizwa kwa sababu ya upungufu huo walikufa zaidi. Kwa hiyo mwananchi anayelalamika kuwa hospitali ilielemewa hasemi uongo. Lakini hospitali iliyoelemewa huwa na nafasi ndogo zaidi ya kumwokoa yule anayefika dakika za mwisho.

OKSIJENI NI NINI?

Hapa Madimba tuna mitambo ya kusafisha gesi asilia, ambayo tangu 2015 gesi yake husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Oksijeni si gesi ile. Oksijeni imo katika hewa hii tunayovuta kila siku. Katika kila mafungu 100 ya hewa, kama 21 ni oksijeni. Mapafu huichukua na kuiingiza katika damu, na damu huipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vyote.

Mapafu yakivimba kwa nimonia au Uviko, hewa ya kawaida haitoshi tena. Ndipo mgonjwa huongezewa oksijeni kutoka kwenye mtungi au mashine. Kama mtu aliwekewa oksijeni kisha akafa, kilichomuua ni mapafu yaliyoshindwa kazi. Oksijeni ilikuwa msaada wake.

Uviko ulikuwa na hila moja. Mtu aliweza kuongea na hata kutembea kumbe oksijeni katika damu yake imeshuka sana. Kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni huonyesha jambo hilo. Kwa mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Kikisoma chini ya 90, hiyo ni hatari, asirudishwe nyumbani.

Na nyungu je? Mvuke wa majani unaweza kumpa mtu raha puani, lakini haupeleki oksijeni katika damu. Maji yanayochemka yamewaunguza watu. Ubaya mkubwa zaidi ni siku zinazopotea. Wagonjwa wengi wa Uviko walizidiwa katika wiki ya pili, wakati jamaa wamekwisha kusema kuwa mafua yanaisha.

DAWA ILIYOOKOA

Juni 2020 wataalamu wa Uingereza walitangaza kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inapunguza vifo. Kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu, vilipungua kwa moja ya tano. Lakini kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu. Basi kuinunua dukani na kuimeza nyumbani ni kosa. Dawa hii hupandisha sukari, na inaweza kumdhuru mwenye kisukari.

Ngao nyingine ilikuwa chanjo, ambayo hapa Tanzania ilizinduliwa Julai 28, 2021. Kazi yake kubwa ni kuzuia ugonjwa usifike kwenye hali mbaya. Mwaka huo huo Serikali ilianzisha mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa maendeleo na mapambano dhidi ya Uviko. Sehemu ya fedha hizo ilijenga vyumba vya mahututi na mitambo ya kutengeneza oksijeni. Vitu hivyo humsaidia pia mtoto mwenye nimonia na mama aliyezidiwa baada ya kujifungua. Lakini vitamfaa mgonjwa atakayefikishwa tu.

DALILI ZA KUTOSUBIRI

Hesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia. Mpeleke zahanati mara moja ukiona:
- mtu mzima anapumua zaidi ya mara 30;
- mtoto wa miezi 2 hadi 12 anapumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi;
- mbavu za mtoto zinabonyea kila anapovuta pumzi;
- midomo au ulimi umebadilika rangi, kuwa wa kijivu au buluu;
- mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta;
- anachanganyikiwa au anasinzia kupita kawaida.

Njiani usimlaze chali mgonjwa anayehema. Aketi, aegemee mtu. Ukiandikiwa rufaa ya kwenda Ligula, nenda siku ile ile. Usipitie kwanza nyumbani kufanya kikao cha ukoo.

MAMBO YA KUTENDA KIJIJINI

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kisomo. Waliposoma juu ya choo walitoka wakaenda kuchimba choo. Nasi tufanye hivyo:

1. Kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi apimwe presha na sukari. Mwenye dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Mwenye VVU aendelee na dawa zake kila siku.

2. Kila nyumba iamue mapema ni nani atakayempeleka mgonjwa usiku, kwa chombo gani na kwa fedha ipi. Fedha hiyo itengwe wakati wa malipo ya korosho.

3. Kila kitongoji kiwe na orodha ya wenye pikipiki au gari waliokubali kubeba wagonjwa.

4. Kwenye mkutano wa kijiji tuulize kama zahanati ina kipimo cha kidoleni na mtungi wa oksijeni wenye oksijeni. Ni haki yetu kuuliza, na sisi waganga ni wajibu wetu kujibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mambo manne yaliyoongeza vifo, yapi tunayaweza wenyewe, na yapi ni ya Serikali?
2. Katika nyumba zetu ni nani anayeamua mgonjwa apelekwe hospitali? Yeye akiwa safarini, inakuwaje?
3. Mgonjwa akizidiwa Madimba saa 8 usiku wakati wa masika, atafikaje Ligula?

Swali la 3 msilijibu kwa mdomo tu. Andikeni majina ya watu na vyombo, kisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji.