Somo: Pipa Halifuti Mkwaruzo



Leo tunajifunza kung'arisha bangili, pete na hereni za shaba kwa pipa la kuzungusha. Somo hili ni la familia zilizohama makwao kwa sababu ya vita, na la viongozi wa vikundi ambamo wahamaji na wenyeji wanafanya kazi pamoja.

Pipa hili ni dogo, lina kifuniko kisichovuja, na linazungushwa na mota. Ndani yake tunatia punje za chuma kisichoshika kutu. Punje hazili shaba kama msasa. Zinaikandamiza, na uso wake unang'aa na kuwa mgumu kidogo.

Hatua za kazi

1. Piga msasa kwa mkono, kuanzia ule mkali hadi ule laini, mpaka mikwaruzo iishe.

2. Tia punje, kisha mapambo. Ongeza maji yafunike yote, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Acha nafasi juu.

3. Zungusha saa 1, halafu fungua utazame. Mara nyingi kazi inahitaji saa 2 au 3. Maji yakiwa meusi, yabadilishe.

4. Suuza na kausha kwa kitambaa. Usitie lulu, mbao, mawe laini, wala kitu kilichounganishwa kwa gundi.

Kosa letu

Siku moja tulikuwa na haraka ya soko, tukaruka msasa. Bangili zilitoka zinang'aa, lakini na mikwaruzo nayo iling'aa. Mnunuzi alizirudisha zote. Wahamaji wakasema ni kazi ya wenyeji. Wenyeji wakasema ni ya wahamaji. Hatukuweza kujua, maana zote ziliingia pipa moja bila kuandikwa.

Tulitaka kupeana mikono upesi ili yaishe. Mama mmoja akasema, "Hata hapo tunaruka msasa." Tukaketi, kila mtu akasema lililo moyoni. Ndipo tukajua kwamba ugomvi haukuwa wa bangili. Wenyeji peke yao walishika fedha, na wahamaji hawakuwahi kuonyeshwa daftari.

Sasa daftari linashikwa na watu wawili, mmoja wa kila upande. Kila pambo linaandikwa kabla ya kuingia pipani, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote.

Viongozi, mkiitwa kupatanisha watu, msianze na kupeana mikono. Kwanza sikilizeni palipokwaruzika.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Kwa nini msasa hutangulia pipa?

2. Katika kikundi chetu, nani anaona daftari la fedha, na nani halioni?

3. Ni ugomvi gani tuliufunika bila kuumaliza? Tutauanzia wapi?