Riwaya ya kwanza ya kijasusi: wasomaji nitawapata wapi?

SWALI: Nipo Ulemo, wilayani Iramba. Nimemaliza riwaya yangu ya kwanza ya kijasusi, sina mchapishaji. Niiweke yote mtandaoni bure ili nijulikane?

JIBU: Yote? Hapana. Toa sura tano za mwanzo, moja kwa wiki, siku ileile, na kila moja ikatike pale msomaji anapotaka kujua nani kagonga mlango. Eric Shigongo alijipatia wasomaji wengi namna hiyo, kwa hadithi za mfululizo magazetini. Zilizobaki ziuze kwenye kundi la WhatsApp, malipo kwa simu. Nakala zitaibwa, hilo lipo. Sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema. Maoni yajibu, ila usikubali wakupangie mwisho wa hadithi (kishawishi kikubwa hicho!).

Zaidi ya yote, mtunze mpelelezi wako. Wasomaji walimfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba kitabu hadi kitabu, tangu Kufa na Kupona ya 1974. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye vilevile. Wako asikimbilie Dar es Salaam. Mlima Sekenke wa huko kwenu Iramba, na malori yanayoupanda usiku, unamtosha jasusi yeyote.