Lipi la Kusema na Lipi la Kunyamazia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Watu huuliza: je, yamkini mtu kukaa na mkewe, jirani zake na wateja wake kwa ukweli mtupu? Wako wasemao kuwa hayamkini, na kwa hoja hiyo hujihalalishia kila uongo. Na wako ambao kwa jina la ukweli humtolea kila mtu aibu zake usoni. Wote hao wamekosa njia.

Jua ya kwamba uongo asili yake ni haramu. Lakini kukatazwa uongo si kuamrishwa kutoa kila kilichomo moyoni. Basi kwanza hutazamwa: je, katika neno lile pana haki ya mtu mwingine?

Ikiwapo haki, kuficha ni haramu. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikapata unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka juu watu wakaiona. Na Mtume akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi mwenye kuuza jahazi ambalo ubao wake umeoza chini ya kalafati, ni wajibu amweleze mnunuzi. Na katika madhehebu ya Imam Shafi'i, hata mtu kando aliyeijua aibu ile yampasa kuisema. Na mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kurudisha.

Na ndoa ni vivyo hivyo. Fatima binti Qays alipotaka shauri juu ya wanaume wawili waliomposa, Mtume alimwambia wazi kuwa Muawiya hana mali na Abu Jahm ni mkali kwa wanawake, akamwelekeza kwa Usama bin Zaid.

Ama lisilo na haki ya mtu, nalo lamuumiza asikiaye, kunyamaza ni bora. Mtume hakukitia ila chakula hata mara moja. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha.

Na katika hadithi ya Umm Kulthum binti Uqba imekuja ruhusa katika mambo matatu: vita, kusuluhisha watu, na maneno ya mume na mke. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kuwa hiyo ya mume na mke ni katika kuonyeshana mapenzi. Ama mume kumwambia mkewe hana kitu, ili amnyime masurufu yake, ni haramu kwa ijmai. Na kabla yake Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505, aliweka kanuni: kusudio jema likipatikana kwa ukweli, uongo hauna ruhusa.

Na pakiwapo dharura, salama zaidi ni tauria. Ibrahim an-Nakhai alifundisha kuwa mtu akijiwa na asiyetaka kuonana naye, mjakazi aseme: mtafute msikitini; wala asiseme: hayumo. Lakini tauria ya kudhulumu haki nayo ni haramu.

Basi ukweli wawezekana kwa ajuaye mahali pa ulimi na mahali pa kimya. Na kabla ya kuficha neno, mtu na ajiulize: namlinda mwenzangu, au najilinda nafsi yangu na haki yake?

Wallahu aalam.