Darasa Linapoandika Habari za Kata Yake

Mwalimu wa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, anayetaka wanafunzi wake wachapishe kazi zao kwenye intaneti asianze na tovuti ya shule. Tovuti ina malipo ya kila mwaka na inataka mtu wa kuitunza. Aliyeianzisha akihamishwa, nayo inakufa. Aanze na Wikipedia ya Kiswahili, iliyopo tangu 2003, isiyodai hata senti. Kata nyingi za Tanzania zina ukurasa humo, ila mara nyingi ni mistari miwili mitatu tu: wilaya, mkoa, na idadi ya wakazi ya sensa. Fungua ukurasa wa kata yenu, uwasomee wanafunzi, kisha uwaulize nini kimekosekana. Watataja mengi.

Simu moja ya mwalimu yenye bando inatosha, kwa sababu kazi kubwa inafanyika daftarini. Wagawe katika vikundi, kila kikundi na swali lake: barabara, kilimo, shule, mito. Kikundi kimoja hakikosi kuandika, “Nyakanazi ni mji mzuri wenye watu wakarimu.” Usiikate kwa kalamu nyekundu. Iandike ubaoni, uliza: tumejuaje? Mtu wa Mtwara akisoma hapa atajua nini asichokijua? Iacheni ibishaniwe mpaka mfike kwenye sentensi kama hii: “Nyakanazi ni njia panda: barabara itokayo Kahama hugawanyika hapo, moja ikienda Kakonko na Kigoma, nyingine Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda.” Ramani inaithibitisha. Utungaji na jiografia vimefundishwa kabla simu haijawashwa, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa ya zoezi zima.

Ugumu unakuja kwenye vyanzo. Wikipedia inataka kila jambo liwe na chanzo kilichochapishwa, na mengi ya maana huku yako midomoni mwa wazee. Kwa mfano, mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikafurika. Tukio lenyewe limeandikwa sana, kwa hiyo lina vyanzo. Simulizi ya bibi aliyewapikia uji wageni hao haina, na haitakubaliwa. Msiitupe. Iandikeni kwa ridhaa yake, ibandikwe kwenye gazeti la ukutani. Kwa Wikipedia tafuteni yaliyochapishwa: matokeo ya sensa ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu, boma la Wajerumani la Biharamulo, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa 2019. Kama ukurasa bado una takwimu ya 2012, kuibadilisha kuwa ya 2022 na kutaja chanzo chake ni kazi nzuri ya kuanzia. Ni ndogo, na hakuna atakayeipinga.

Kila mwalimu afungue akaunti yake mwenyewe. Akaunti ya shule nzima hairuhusiwi, kwani kanuni ni mtu mmoja, akaunti moja. Kama mnafanya mafunzo ya walimu, akaunti zifunguliwe majumbani kabla ya siku hiyo: mtandao mmoja hauruhusiwi kufungua zaidi ya akaunti sita kwa siku, na wa saba atakwama. Jizoezeni kwanza kwenye ukurasa wa majaribio. Mkihamia ukurasa wenyewe, hifadhini aya moja moja, maana mtandao ukikatika katikati, maandishi yote yanaweza kupotea.

Mweleze mwalimu mkuu mapema. Majina kamili ya watoto na sura zao zisionekane popote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na wao. Picha ziwe za njia panda, mashamba au majengo, mlizopiga wenyewe. Picha iliyookotwa mtandaoni itafutwa, na ni haki.

Baada ya wiki moja rudini darasani mfungue historia ya ukurasa, inayoonyesha kila badiliko na aliyelifanya. Huenda mhariri asiyewajua amerekebisha tahajia yenu, au ameondoa sentensi nzima. Someni sababu aliyoandika. Kama mnaona amekosea, wanafunzi waandae hoja pamoja na chanzo, kisha mwalimu aiweke kwenye ukurasa wa majadiliano.